Bagamoyo kwa familia nzima: misheni na magofu mchana, harambee ya kigango usiku

Familia inayotaka kumtembeza mzazi mzee na watoto wadogo katika safari moja hupata shida kuchagua mahali, kwa sababu panapomfaa bibi huwachosha wajukuu, na panapowafurahisha wajukuu mara nyingi huwa na kelele ambazo bibi hazivumilii. Bagamoyo ilitufaa sote. Tulikwenda huko mwishoni mwa juma, mimi, mwenzangu, watoto wetu na mama yangu mzazi aliyekuwa ametoka Kilema, Kilimanjaro, ili tumtembelee kaka yangu mkubwa ambaye amehamia huko kikazi na familia yake. Mchana tulizunguka sehemu za historia, na Jumamosi usiku tulihudhuria harambee ya kigango anachosali kaka, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, ambako waamini wanachanga fedha za kuezeka kanisa lao jipya.

Ninaandika kuhusu mambo yote mawili pamoja kwa sababu nimeyapima kwa kipimo kimoja. Mtu anapotoa fedha yake, iwe ya kiingilio au ya mchango, ana haki ya kuambiwa ukweli: ukweli wa yaliyotokea mahali pale, na ukweli wa fedha yake inakokwenda. Katika mambo mengine, kama vile usafi wa vyoo, ladha ya chakula na upole wa wahudumu, ninaweza kusamehe upungufu. Katika hilo la ukweli sisamehi, na ndiyo maana nimerudi Dar es Salaam nikiwa nimeridhika kuliko nilivyotarajia.

Kufika si kazi. Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 70 za lami kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, na asiye na gari atapata daladala katika kituo cha Makumbusho, kisha akishuka Bagamoyo bajaji zitampeleka popote anapotaka. Nashauri kuondoka alfajiri. Foleni ya upande wa Tegeta ikishakolea hula saa nzima ya safari, na jua la saa saba mchana halimfai mtu mwenye shinikizo la damu, hasa kwenye magofu ambako kivuli ni cha kutafuta.

Tulianza na Misheni Katoliki, na ningemshauri kila mtu aanzie hapo. Unaingia kwa njia ndefu yenye miembe mikubwa pande zote mbili, watoto wanashuka garini wakikimbia, na kabla hujalipa kiingilio tayari umetulia. Misheni ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Zanzibar wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Makumbusho yenyewe yamo katika iliyokuwa nyumba ya masista, iliyojengwa mwaka 1876, na kiwanja chote, pamoja na makaburi, mnara wa kanisa la zamani na kanisa jipya lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, kinaweza kutembelewa kwa miguu bila haraka.

Mama yangu alikuwa na sababu yake ya kutaka kufika hapo. Alibatizwa Kilema, na maisha yake yote amesikia Bagamoyo ikitajwa kanisani kuwa ndiko walikotoka mapadre wa kwanza, lakini hakuwahi kuitia machoni. Mwongozaji tuliyepewa, kijana mwenye kitambulisho shingoni, alianza kwa kumwamkia, akamuuliza anatoka wapi, na aliposikia Kilema akabadilisha mpangilio mzima wa maelezo yake. Badala ya kuanza na ufukweni kama nilivyomsikia akiwafanyia wageni waliotutangulia, alianza na safari za kwenda bara: jinsi wamisionari walivyofungua Mhonda mwaka 1877, Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893, na jinsi familia za Wakristo waliolelewa Bagamoyo zilivyohamishwa kwenda kuishi Mhonda ili misheni mpya iwe na watu wa kuanzia. Mama alikuwa akitikisa kichwa na kutaja majina ya vitongoji vya kwao, na kijana yule hakumkatiza hata mara moja. Mtu anayejua kazi yake hivyo anastahili kulipwa zaidi ya bei iliyoandikwa, na tulimlipa.

Kilichonigusa zaidi ni namna alivyoeleza utumwa mbele ya watoto. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, umbali wa kilomita zipatazo 1,200, na ni rahisi kwa mwongozaji mvivu kusimulia kwamba kila aliyefika pwani alikuwa amefungwa minyororo. Huyu alitenganisha mambo. Alisema wapagazi wengi walikuwa watu huru waliolipwa ujira, hasa Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu na kurudi kwao na vitambaa na shanga. Kisha akasema kwamba katika misafara hiyohiyo walikuwamo watu waliotekwa, waliouzwa na waliovushwa hadi Zanzibar, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alishinikizwa na Waingereza kuutia saini. Ndipo akawasogeza watoto karibu na minyororo iliyowekwa pale, akawaacha waiangalie, na hakuongeza neno mpaka wao wenyewe walipouliza.

Binti yangu yumo katika Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki, parokiani kwetu, na kila Jumapili hutoa sarafu yake. Mwongozaji alipogundua hilo alimweleza kwamba shirika hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843, kwamba watoto wa Ulaya walichanga sarafu zao kama anavyochanga yeye, na kwamba sehemu ya fedha hizo ilifika hapa Bagamoyo na kutumika kuwakomboa watoto waliokuwa wameuzwa. Mtoto alifurahi sana. Bibi yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisikiliza, akauliza swali ambalo mimi sikuthubutu kuliuliza mbele ya watu.

“Kwa hiyo, mwanangu, walikombolewa halafu wakapelekwa shamba?”

“Ndiyo, mama,” akajibu. “Walisali, walisoma, walijifunza ufundi na walilima. Ratiba ilikuwa kali, na kuondoka hakukuwa hiari yao. Wapo waliotoroka.”

Angeweza kulikwepa swali lile. Yuko katika kiwanja cha Kanisa, anazungumza na bibi mwenye rozari shingoni, na sifa za wamisionari ndizo wageni wengi huja kuzisikia. Alijibu kwa adabu na bila kupunguza kitu, na kwa maoni yangu heshima ya misheni ile haikupungua hata kidogo kwa jibu hilo. Mama alisema tu, “Afadhali umesema,” akanyanyuka, tukaendelea.

Kwenye makaburi ya wamisionari tulikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mama alisoma majina na miaka kwenye misalaba kwa sauti, akihesabu kichwani umri wa kila mmoja, na idadi ya waliokufa wakiwa vijana kabisa, wengi wao kwa homa, ilimfanya akae kimya. Wajukuu wake walikuwa wameshavutwa na mbuyu. Kwa simulizi ya hapo, mwaka 1895 mwanamke Mfaransa aliyewahudumia wagonjwa misheni, Madame Chevalier, alizungusha mnyororo kwenye shina la mbuyu huo ili amfunge punda wake, mnyororo ukasahaulika pale, na mti ukanenepa ukaumeza. Sasa kinachoonekana ni kipande kifupi kinachochungulia kwenye gome, na watoto walikishika, wakakivuta, wakajaribu kuona kama kinatoka. Hapa pana jambo la kumshika mtoto mdogo ambaye hajali miaka wala majina, na ninawashauri wazazi walifanye kuwa kituo cha mapumziko.

Kuhusu mnara wa kanisa la zamani, unaoitwa mnara wa Livingstone, wengi huja wakidhani watasikia habari za mgunduzi peke yake. Tuliyosikia zaidi ni habari za waliombeba. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ukazikwa huko chini ya mti, na watu wake, wakiwemo Susi, Chuma na Jacob Wainwright, wakaubeba mwili uliokaushwa kwa takriban miezi tisa hadi pwani, wakaufikisha misheni tarehe 24 Februari 1874. Mwili ukalazwa hapo kabla ya kuvushwa Zanzibar na kusafirishwa hadi Uingereza, ambako ulizikwa Westminster Abbey mwezi Aprili mwaka huohuo. Wainwright alikuwapo mazishini. Susi na Chuma, waliofanya kazi kubwa kuliko wote, walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Mwanangu wa kiume alikasirika kweli kweli, akauliza ni nani aliyewaacha. Kumbukumbu ya aina hiyo haitoki kichwani kwa mtoto, na haipatikani kwa kusoma ubao ukutani.

Mjini tulipita haraka zaidi. Mji mkongwe una milango ya nakshi ambayo bado inapendeza, Ngome Kongwe ya mwaka 1860, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897, ambalo sehemu yake iliporomoka kwa mvua za El Niño mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni vyema watoto waelezwe wakiwa mbele ya jengo hilo kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam, kwa sababu hapo ndipo wanapoelewa kwa nini mji mdogo kiasi hiki una majengo makubwa kiasi hiki. Njia nzima ya misafara kutoka Ujiji imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, nami natamani ipande iingie katika orodha kamili, kwa sababu kuta za matumbawe na chokaa hazisubiri vikao.

Tulipata kero moja mjini. Mtu asiye na kitambulisho alijiunga nasi karibu na ufukwe, akaanza kutueleza mambo bila kuulizwa, na maelezo yake yalijaa vitisho vya kubuni kuhusu mashimo na mateso ambavyo vilimtia hofu mtoto wangu mdogo, kisha akadai malipo makubwa kuliko ya mwongozaji rasmi. Tulimlipa kidogo ili tuondoke kwa amani. Atakayekwenda na watoto achukue mwongozaji anayetambulika tangu mwanzo, akubaliane naye bei mapema, na amweleze umri wa watoto wake. Fedha hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama familia itarudi na historia au itarudi na ndoto mbaya.

Karibu na jengo la Forodha la zamani pana soko la samaki, na hapo tulikuta mnada umepamba moto. Samaki wamemwagwa chini, mnadishaji anaita bei, kina mama wakaangaji wamesimama na ndoo zao wakipandisha mia mia na mia tano tano, na kila kitu kinakwisha kwa dakika chache. Tulinunua pweza na nguru wa kukaanga, tukala tumesimama kwenye kivuli. Chakula hicho cha bei ndogo kilikuwa kitamu kuliko kile tulicholetewa jioni ya kwanza katika nyumba ya wageni tuliyofikia, ambayo sitaitaja: maji yalikatika usiku, jenereta halikuwashwa kama tulivyoahidiwa, na mhudumu alitueleza asubuhi kwamba tungepaswa kuuliza kabla ya kulipa. Nyumba za kulala wageni ni nyingi Bagamoyo, na mwenye mzazi mzee akague chumba na afungue bomba kwa mkono wake kabla ya kutoa hela.

Kaole ni kilomita zipatazo tano kusini mwa mji. Pana magofu ya msikiti wa karne ya 13, miongoni mwa misikiti ya kale zaidi upande wa bara la Afrika Mashariki, makaburi ya mawe ya matumbawe yenye nguzo, na kisima ambacho wageni hunawia maji yake kwa kutaraji baraka. Yanapendeza sana kwa mtu anayeweza kutembea juu ya mawe; mama alifika hadi kwenye msikiti, akagusa ukuta wa kibla kwa kiganja, kisha akaona inatosha, akakaa chini ya mti na mjukuu wake mdogo. Bandari ya Kaole ilizibwa na mchanga na mikoko, na biashara ikahamia Bagamoyo. Nafurahi tulikwenda huko siku hiyohiyo tuliyotoka misheni, kwa sababu watoto waliona kwamba kusali na kujenga kwa mawe kwenye pwani hii kulianza karne nyingi kabla ya padre wa kwanza kushuka kwenye jahazi, na kwamba waliojenga ni watu wa hapahapa.

Sasa nije kwenye usiku wa harambee, ambao kwa kweli ndio uliotufanya tubaki hadi Jumapili. Kigango cha kaka kiko nje kidogo ya mji. Kuta za kanisa jipya zimesimama, lenta imefungwa, lakini juu ni mbingu tupu, na kwa muda mrefu waamini wamesali chini ya turubai. Tiketi ya mtu mzima ilikuwa shilingi 20,000 pamoja na chakula, watoto hawakulipa, na kadi ilieleza wazi kwamba shughuli itaanza saa 12 jioni na kufungwa saa 4 usiku.

Haikuanza saa 12. Ilianza karibu saa 2 kasoro, kwa sababu mgeni rasmi alichelewa, na wakati huo watoto walikuwa wameshalala mapajani mwa mama zao na vyakula vimeanza kupoa. Hilo ndilo kosa kubwa la usiku ule, nami nalisema kwa sababu wanakamati wenyewe waliniomba niseme bila kuficha. Mtu akichelewa, shughuli ianze. Mgeni rasmi atawakuta walipofika. Vipaza sauti navyo viliwekwa karibu mno na meza za wazee. Kaka alilazimika kumhamisha mama mara mbili, na wazee wengine hawakuwa na wa kuwahamisha.

Baada ya hapo sina ila sifa. Chakula kilikuwa pilau, kuku wa kukaanga, samaki wa nazi, ndizi, mchicha na kachumbari, kimepikwa na kina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, wakisaidiwa na majirani zao Waislamu. Bagamoyo ni mji wenye Waislamu wengi, na majirani wengi walikuwa wamealikwa. Kwa hiyo kuku wote walichinjwa na mzee Mwislamu wa mtaa huo, ili asiwepo mtu atakayekaa mezani na kushindwa kula. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo kwenye kipaza sauti. Nililijua kwa sababu wifi yangu alikuwa jikoni. Baadaye mzee huyohuyo alinyoosha mkono wakati wa ahadi akatoa mifuko ya saruji, na watu wakampigia vigelegele kama wanavyompigia ndugu yao.

Kabla ya kuombwa shilingi yoyote zaidi ya tiketi, tulisomewa taarifa. Katibu wa kamati ya ujenzi alisimama mbele ya ubao uliobandikwa karatasi kubwa, akasoma mstari mmoja baada ya mwingine: fedha zilizopatikana katika harambee iliyopita, ahadi zilizolipwa, ahadi ambazo hazijalipwa bila kutaja majina ya wadaiwa, gharama ya tofali, nondo na fundi, na salio lililopo benki. Kisha akasoma kinachohitajika sasa, yaani mbao za kenchi, bati za geji 28, misumari, kofia za bati na ujira wa mafundi, kila kimoja na bei yake na duka lililotoa bei hiyo. Mzee mmoja alinyoosha kidole akauliza kwa nini bei ya mbao imepanda kuliko iliyosomwa mara iliyopita. Katibu hakukasirika. Alitoa ankara mbili kwenye faili, ya zamani na ya sasa, akampelekea mzee azisome mwenyewe kwa miwani yake, na ukumbi mzima ukasubiri mpaka aliporidhika na kuzirudisha. Nimehudhuria harambee nyingi, za makanisa na za shule, na ninaweza kusema ni mara chache nimeona swali la namna hiyo likipewa nafasi. Mara nyingi anayeuliza hesabu huonekana anamzuia Mungu.

Mshereheshaji naye alijua mipaka. Aliyetoa bahasha aliitia kwenye kapu na kurudi kukaa, na kiasi hakikutangazwa isipokuwa kwa ambaye aliomba mwenyewe. Kwa watu wenye kipato kidogo hili ni jambo kubwa sana. Zipo harambee ambapo mjane aliyeleta elfu mbili huitwa jina lake baada ya mfanyabiashara aliyetoa milioni, na mwaka unaofuata mjane yule haji. Hapa vijana wa kwaya walipita mezani wakiimba, kapu likazunguka, na mwenye kutoa kwa simu alielekezwa kwenye namba iliyoandikwa ubaoni kwa jina la kigango, si kwa jina la mtu.

Mnada ndio uliowaamsha watoto. Viliuzwa vitu vilivyoletwa na waamini wenyewe: mkungu wa ndizi, keki, kikapu cha ukili, trei la mayai, mbuzi mmoja na jogoo mwekundu aliyekuwa akiwika kila kipaza sauti kilipolia. Trei la mayai lililetwa na bibi mmoja anayefuga kuku wachache nyuma ya nyumba yake. Lilinunuliwa kwa shilingi 30,000, mnunuzi akalirudisha liuzwe tena, likanunuliwa kwa 45,000, likarudishwa, na likaendelea hivyo likipita mkono hadi mkono mpaka mhasibu alipotangaza kwamba mayai yale peke yake yamenunua bati kadhaa. Bibi mwenye mayai alikuwa amesimama muda wote, mikono kifuani, akiyafuata kwa macho kila yalipohamishwa meza. Mwishowe aliyeyanunua mara ya mwisho alimpelekea paroko, na paroko akampelekea mama yangu kama mgeni kutoka Kilema, mahali palipopokea Injili kwa njia ya Bagamoyo. Mama aliomba kipaza sauti, akashukuru kwa maneno machache, akasema kwamba kwao pia kanisa lilijengwa kwa mazao ya watu, kahawa na ndizi, akayarudisha mayai mezani yauzwe kwa mara nyingine.

Kila kiasi kilipoingia, kijana mmoja alipaka rangi kwenye mchoro wa paa uliochorwa ubaoni, mraba mmoja kwa kila bati. Watoto walikaa chini mbele ya ubao wakihesabu miraba, na mwanangu aliyekuwa amekasirika mchana kwa ajili ya Susi na Chuma akaja kuniomba hela yake ya matumizi ya juma ili naye apakiwe mraba. Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika, lakini alichanga vizuri na hakuleta siasa, na hilo namshukuru. Saa 5 kasoro tulisomewa jumla: fedha taslimu, zilizoingia kwa simu, ahadi na vifaa, kila kimoja peke yake. Hakuna aliyejumlisha ahadi na fedha taslimu ili jumla ionekane kubwa. Tukasali, tukatawanyika.

Kwa familia inayofikiria kufuata njia yetu, ningepanga hivi: misheni asubuhi, soko la samaki mchana, Kaole baada ya saa tisa alasiri jua likishapoa, na mji mkongwe uachiwe Jumapili baada ya Misa. Tukio la kanisa ukilikuta ni bahati, kwa kuwa harambee hazifanyiki kila juma. Matangazo hutolewa mwishoni mwa Misa, na ofisi ya parokia haimkatai mgeni anayeuliza. Watoto wale kabla ya kwenda, mzazi mzee apewe kiti mbali na spika, na kila mtu abebe noti ndogo ndogo za mnada.

Ahadi ya familia yetu tuliimalizia kwa simu baada ya kurudi Dar es Salaam, na Jumapili iliyofuata kaka alikabidhiwa risiti ya karatasi yenye mhuri wa kigango na maelezo kwamba fedha imekwenda kwenye mbao. Kenchi zimeshapandishwa. Bati za upande mmoja bado hazijatosha, na kamati imewatangazia waamini kwamba awamu ya pili itafanyika baada ya Pasaka, safari hii ikianza saa 12 kamili, awe amefika mgeni rasmi au hajafika.